Tovuti Iliyovaa Koti

Walisema kitu changu hakitawahi kuingia katika duka la programu. Hawakunong'ona. Walisema kwenye kituo cha kununulia chai, huko kwetu mteremkoni juu ya Kiriaini, magunia yakiwa yamepangwa chini ya paa la mabati na lori halijulikani liliko, nami nikiwa nimesimama karibu nao kiasi cha kusikia kila neno. Msemaji alikuwa baba mdogo wangu, mtu ambaye simu yake ikizima hungoja apite mtu wa kumwashia. Aliwaeleza wenzake kwamba katika duka hilo la kwenye simu huingia vitu vya wazungu, na vya watoto waliokaa chuo kikuu miaka minne.

"Huyu wetu ni wa diploma," akasema. "Diploma ni ya kutengeneza redio."

Wakacheka. Nikawaacha wacheke, kwa sababu mkononi nilikuwa na simu iliyoonyesha kwamba lori lao limetoka kituo cha pili na kwamba chai yao ingepimwa kabla jua halijatua. Wao hawakujua. Walikuwa wanakicheka kitu chenye jibu la swali walilokuwa wakiulizana tangu mchana.

Niseme mimi ni nani, maana watu wa huku hupenda kusahau. Diploma yangu ya kompyuta niliipata katika chuo cha ufundi mjini Nyeri, na karo nilijilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo sokoni Karatina siku za soko. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa ili mimi nisome. Kisha nikaenda Ghuba, huko Uarabuni, nikafanya kazi katika ghala ambalo ungeweza kuingiza shule zote za tarafa yetu ndani yake na bado ubaki na nafasi ya kuegesha malori. Wenzangu walirudi kutoka huko na televisheni. Mimi nilirudi na kichwa kilichojaa.

Katika ghala lile kila mfanyakazi alipewa kifaa cha mkononi cha kusoma alama za mizigo. Wenzangu walikishika kwa hofu, kama wanaobeba mtoto wa tajiri. Mimi nilikichunguza. Siku moja mtandao wa ghala ulikatika, ukarudi vibaya, na juu kabisa ya kioo cha kifaa pakatokea mstari mwembamba wenye anwani ya tovuti. Ukakaa kidogo, ukapotea. Walioniambia baadaye kwamba waliuona walidhani kifaa kimepata joto. Mimi nikaelewa papo hapo. Kile kifaa cha kampuni kubwa, kilichotufanya tusimame wima mbele ya wasimamizi, ndani yake kilikuwa na ukurasa wa tovuti tu, uliovalishwa gamba ili ujifanye programu. Tangu siku hiyo hakuna kitu chenye kioo ambacho kimenitisha.

Niliporudi nyumbani nilikuta watu wangu bado wanangoja lori. Asiyelima chai hajui uchungu huo. Unachuma asubuhi, unabeba mgongoni hadi kituoni, unamwaga majani mezani, unayachambua, unajaza gunia tena, halafu unasimama. Lori linaweza kuja alasiri, linaweza kuja giza likiwa limeingia. Ndani ya gunia majani hupata joto, yakaanza kuwa mekundu, na karani akifika anayakataa mbele ya watu. Babu zao walisimama hivyo, baba zao wakasimama hivyo, nao wamesimama pale pale wakiulizana, "Lori iko wapi?" na yule anayeulizwa anajibu, "Ati imeonekana huko chini," na hajaiona.

Nikawatengenezea tovuti. Karani wa lori hubonyeza alama moja kwenye simu yake kila anapotoka kituo fulani, na mkulima akifungua ukurasa anaona lori limetoka wapi na linaelekea wapi. Niliijenga iwe ile aina ya tovuti inayojihifadhi ndani ya simu, kwa sababu katika mabonde yetu mtandao huja ukipenda. Pasipo mtandao inakuonyesha habari ya mwisho iliyopata na saa iliyoipata, haikudanganyi. Ilikuwa kazi safi. Nalisema mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kulisema.

Hawakuitumia. Nilituma kiungo katika kundi la wakulima kwenye simu, na kufikia jioni kilikuwa kimezikwa chini ya picha za maua zenye sala za asubuhi, matangazo ya mazishi, na mtu mmoja aliyekuwa anauza ndama. Siku iliyofuata wakaomba kiungo. Nikakituma. Siku iliyofuata wakakiomba tena, wale wale. Nikawaonyesha jinsi ya kuibandika tovuti kwenye uso wa simu ili wasiitafute, jambo la kubonyeza mara mbili, wakaficha simu zao kama mtu aliyeombwa namba yake ya siri. Apu hutoka dukani, waliniambia. Ambayo haikutoka dukani ni ya matapeli.

Ndivyo tulivyo kwetu. Mandazi yaliyotoka jikoni kwa jirani hayana maana, ila jirani huyo huyo akiyatia kwenye pakiti yenye picha ya mzungu anayecheka, utatuma mtu Nyeri akununulie.

Wakati huo kamati ya vituo vya chai ilikuwa imetangaza kwamba inatafuta programu ya kufuatilia malori. Wazo lilikuwa langu, nililitoa mbele yao nikiwa nimesimama. Liliposomwa katika kikao kilichofuata lilikuwa limekuwa wazo la mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa na mpwa mwenye shahada ya kompyuta, msomi aliyekodi ofisi Kutus na kuweka ndani yake kiti kinachozunguka. Msomi huyo aliwaambia wanakamati kwamba programu halisi hujengwa kuanzia msingi, na kwamba kazi hiyo ingechukua mwaka mzima. Walilipenda sana hilo la mwaka. Kwao kitu kinachokuja upesi hakiwezi kuwa na thamani, ndiyo maana wanaliheshimu lori.

Lakini kanuni zao ziliwataka wawaletee wakulima zaidi ya mtu mmoja wa kuchagua katika mkutano mkuu. Kwa hiyo wakaniita. Wakaniambia nije na programu yangu ikiwa dukani tayari, na isipokuwa dukani nisijisumbue kuvaa viatu.

Nilikuwa na sababu ya kujisumbua. Wakala aliyenipeleka Ghuba alikuwa amenipatia mkataba mwingine katika ghala lile lile, na alitaka jibu mara tu baada ya mkutano huo. Nikikosa kazi ya kamati ningerudi kusoma alama za mizigo hadi magoti yaishe. Baba mdogo alilijua hilo vizuri. Miaka yote niliyokuwa ng'ambo alikuwa akikata nepia katika shamba langu kulisha ng'ombe wake, na tangu nirudi alikuwa mpole ajabu. Kila tukikutana aliniuliza kama huko Ghuba siku hizi joto limepungua.

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imekufa, na duka la programu hutoza ada ya usajili, kwa hiyo nilikopa. Chama cha akina mama, ambacho marehemu mama yangu alikuwa na kiti ndani yake, kilinikopesha pesa ya chakula na nauli kwa heshima ya kiti hicho. Mjini Nyeri, mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imeuza nyaya na redio katika barabara ile ile tangu wakati wa babu yake, alinipa kompyuta nimlipe baadaye. Hakuniuliza mshahara wala mdhamini. Aliniuliza kama huwa napita mbele ya duka lake. Nikamwambia kila siku, maana chumba nilichopanga kilikuwa mtaa wa nyuma. "Basi nitakuwa nakuona," akasema, akamwita mtu wa kufunga sanduku.

Baba mdogo alinikopesha kidogo kuliko wote, ile ada ya usajili tu, na kwa pesa hiyo alinunua haki ya kunitangaza. Nilikuwa nasimamishwa Kiriaini na watu nisiowajua. "Ni wewe ulisaidiwa na mzee?" waliniuliza.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa msomi wa Kutus alikuwa ameifanya ionekane kama kupasua moyo wa mtu. Unachukua zana ya kuvalisha, unaipa anwani ya tovuti yako, jina, rangi, na picha itakayokaa kwenye uso wa simu. Yenyewe inakutengenezea gamba. Mtu akiligusa, tovuti inafunguka ikiwa peke yake, na kivinjari kinachoibeba kinajificha kabisa. Gamba hilo unalitia sahihi kwa ufunguo wako, na alama ya ufunguo huo, kama alama ya kidole, unaiandika katika faili ndogo ndani ya tovuti. Simu inalinganisha. Zikifanana, inajua gamba na tovuti ni vya mwenye mmoja. Zisipofanana, inamwonyesha mtumiaji anwani ya tovuti juu ya kioo, kumtahadharisha. Hiyo ndiyo siri yote. Niliimaliza alasiri moja huku nikila nduma, na kwenye picha nikaweka majani mawili ya chai na kichipukizi chake. Nikaijaribu kwenye simu yangu. Ilifunguka safi, hakuna mstari, hakuna anwani.

Kisha duka likanionyesha kwamba hata ng'ambo kuna kamati. Mtu binafsi anayejisajili upya, lilisema, hawezi kutoa programu yake kwa umma mpaka watu kumi na wawili wakae nayo kwenye simu zao kwa wiki mbili mfululizo. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa chama. Huyu ni mama anayeuza mbegu za viazi, na sauti yake imezoea kuita watu walio ng'ambo ya bonde. Akawaamuru wanachama waje na simu. Siku ya chama wakaketi uani kwake, nami nikapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine nikiwawekea programu, nao wakinipa simu zenye unga wa ugali. Nilikuwa na akina mama kumi na watano, ziada kabisa. Nikarudi Nyeri nikiwa nimeshiba chai, nikafungua ukurasa wangu wa dukani nione hesabu.

Duka lilisema nina mtu mmoja.

Nilidhani ni hitilafu yao. Nikarudi Kiriaini, nikamwomba mwenyekiti simu yake, nikaangalia akaunti ya barua pepe iliyo ndani. Ilikuwa na jina la mwanamume. Nikaangalia ya jirani yake. Mwanamume huyo huyo. Simu zote zilinunuliwa kwa muuza simu mmoja pale sokoni, na simu mpya ikikuuliza akaunti yako, yeye alikuwa anaandika ya kwake ili mteja aondoke. Nilimkuta dukani kwake akifuta vumbi kwenye chaja.

"Wateja hawajui mambo ya email," akaniambia bila wasiwasi. "Mimi nawawekea yangu, inafanya kazi."

Nikamuuliza amewawekea wangapi.

"Wote." Akafikiri kidogo. "Kitu moja tu inanisumbua. Hii simu yangu inajaa picha za ndama za watu. Sijui zinatoka wapi."

Sikumweleza. Kuna watu ambao ukiwaeleza jambo unawaharibia siku yao na hakuna faida kwako wala kwao. Machoni pa duka, mteremko wote ule, wachuma chai, wauza viazi, walimu na mzee wa kanisa, walikuwa mtu mmoja mwenye ndama wengi.

Ilibidi nimfungulie kila mama akaunti yake. Mwenyekiti alinisikiliza nilipoeleza kwa nini.

"Kwa hivyo hii miaka yote, mimi kwa simu ni huyo mwanaume?"

"Kwa simu, ndiyo, mama."

"Na bibi yake anajua?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na kazi ikasimama hadi walipochoka. Ilipofika kuchagua neno la siri, kila mmoja alilitaja kwa sauti, na karibu wote walitaja jina la ng'ombe wao. Nikawaambia neno la siri halitangazwi. Wakaniuliza nataka walifiche kutoka kwa nani, ilhali ng'ombe wanajulikana. Niliacha. Siku chache baadaye mmoja akajitoa kwenye majaribio, kwa kuwa simu ilimwambia imejaa na hakuwa tayari kufuta sala. Hapo mwenyekiti akatangaza faini, ile ile anayotozwa anayechelewa chama. Hakutoka mtu mwingine. Elimu yangu yote haikuweza kufanya kilichofanywa na faini, na hilo linakuonyesha nilikuwa nashughulika na watu gani.

Wiki mbili zikaisha, duka likatazama, likakubali. Programu yangu ikawa dukani kwa jina lake na majani yake mawili. Nilivaa viatu nikaenda mkutanoni.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kanisa. Kamati ilikuwa mbele na soda zake, wakulima kwenye mabenchi, wengine wakiwa wameacha magunia kituoni yakilindwa na watoto wao. Msomi wa Kutus alianza. Alionyesha ukutani michoro ya programu itakayokuwa, yenye rangi nyingi na wazungu wanaochuma chai wakiwa wamevaa suti. Wakampigia makofi. Nami sikuwa na mchoro. Niliwaambia watoe simu, waingie dukani, waandike jina. Ukumbi ukawa na ule ukimya wa watu wanaotafuta herufi. Kisha nikaanza kusikia minong'ono ya furaha, imekuja, iko hapa, angalia majani, na baba mdogo akimwomba jirani amwandikie.

Mwenyekiti wa kamati aliifungua kwenye simu yake kubwa. Akakunja uso. Msomi aliyekuwa ameketi kando yake akainama, akatazama, na nikaona anafurahi kabla hajasema neno.

"Wazee wangu, angalieni hapo juu," akasema, akiwa amesimama na simu ya mjomba wake mkononi. "Mnaona hiyo anwani? Hii si apu. Hii ni tovuti imevaa koti."

Kila mtu akatazama simu yake. Ulikuwapo. Mstari ule mwembamba, wenye anwani yangu, juu ya kila kioo isipokuwa changu. Kicheko kikaanzia mbele kikaenda nyuma, na kutoka benchi la nyuma nikasikia sauti ya baba mdogo, taratibu, kama mtu anayemaliza hesabu aliyoianza zamani: "Redio."

Niligeuka kwa mwenyekiti wa chama aliyekuwa ameketi na wanachama wake. Nikamuuliza kama mstari huo umetokea leo.

"Hapana. Imekuwa hapo tangu siku ya kwanza," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia, wiki mbili nzima.

"Mwanangu, wewe ulikuwa na furaha," akasema. "Tuanze kukuonyesha doa kwa shati?"

Hao ndio watu wangu. Mgeni akiingia na kamasi usoni watamkaribisha, watamlisha, watamsindikiza hadi barabarani, na watacheka akishapinda kona. Wanaita hiyo adabu. Watu kumi na watano waliombwa waijaribu programu, wakakaa wakiutazama mstari huo kila siku na kuniambia iko sawa kabisa, Mungu akubariki.

Lakini mimi nilikuwa nimeuona mstari huo zamani, katika ghala la Ghuba, na nilijua maana yake. Simu ililinganisha alama mbili zikakataana. Kwangu zilikubaliana kwa sababu programu niliiweka mwenyewe kutoka kwenye kompyuta, ikiwa na sahihi yangu. Wao waliitoa dukani, na duka, kabla ya kumpa mtu programu, huondoa sahihi ya mwenyewe na kutia ya kwake. Alama ya ufunguo wa duka haikuwamo katika faili yangu. Ni hilo tu. Mstari mmoja wa herufi na namba ulikuwa umesimama kati yangu na ndege ya kwenda Ghuba.

Niliomba kamati ipumzike kwa chai. Mwenyekiti wao akaniuliza kama nataka nafasi ya kwenda kuleta nyingine. Nikamwambia anywe chai yake pole pole. Nikatoka, nikaenda nyuma ya kanisa penye tangi la maji, mahali pekee pale ambapo mtandao hushika bila kukatika-katika. Nikaingia katika ukurasa wangu wa dukani kwa simu, nikanakili alama ya ufunguo wao, nikafungua faili ndani ya tovuti, nikaibandika chini ya yangu. Kupitia dirisha nilimsikia msomi akiwaeleza wazee juu ya msingi wa nyumba. Nikarudi ndani, nikamwomba mwenyekiti aiondoe programu kwenye simu yake, aichukue tena dukani, aifungue.

Akafungua. Majani mawili yakatokea, kisha orodha ya vituo, ikiwa imejaza kioo kutoka juu hadi chini. Mstari haukuwapo. Aliigeuza simu akatazama mgongo wake, kana kwamba mstari umeangukia upande ule.

"Sasa hii ndiyo apu," akasema.

"Mjomba, ni ile ile," msomi akasema. "Ni tovuti ile ile. Amefunga koti vifungo, basi."

Alisema kweli. Katika ukumbi ule wote yeye peke yake ndiye aliyekuwa akisema kweli, na nataka ijulikane kwamba nilimheshimu kwa muda wa kama pumzi moja. Tovuti ilikuwa ile ile waliyoikataa kwenye kundi, ile ile waliyoicheka kituoni, ile ile waliyoicheka tena kabla ya chai. Nilikuwa nimeondoa kitu chembamba kuliko kidole. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu mama mmoja karibu na mlango alikuwa ameinuka na simu yake mkononi, akawaambia wa benchi lake kwamba lori limetoka kituo cha pili na magunia yao hayajafungwa. Wakatoka. Benchi lililofuata likatazama simu, likatoka. Ukumbi ukamwagika kuelekea kituoni, wazee kwa vijana, na waliobaki walikuwa kamati, msomi, na michoro ya wazungu wenye suti ikiendelea kung'aa ukutani. Lori lilifika wakiwa wamelipangia mstari, jambo ambalo karani alisema hajawahi kuliona tangu aajiriwe.

Kamati ilikubali jioni hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwuliza tena. Mwenyekiti aliniambia alijua tangu mwanzo kwamba kijana wa nyumbani hawezi kuwaangusha. Nikamtumia wakala wa Ghuba ujumbe wa maneno machache kwamba aitafutie nafasi hiyo mtu mwingine.

Malipo ya kamati yalipoingia nilitenga siku moja ya kulipa madeni yote, kwa mkono, ana kwa ana, kwa sababu pesa ikitumwa kwa simu haimwoni mtu usoni. Nilianzia Nyeri. Mzee wa duka la nyaya alipokea, akaniandikia risiti, akaniambia alikuwa ananiona. Akaongeza kwamba siku niliyopita nikitembea upesi ndiyo aliyojua kazi imekubali, na kwamba laiti ningemwambia ni kazi ya aina gani angeniuzia kompyuta ya bei zaidi. Huyo ndiye mtu mwenye akili niliyekutana naye katika habari hii yote.

Chama kilikuwa kimekutana kwa mwenyekiti. Nililipa mbele ya wote, mwenyekiti akasoma jina la marehemu mama yangu kabla ya kulifuta deni, kisha akanitoza faini kwa kuchelewa. Nikailipa. Waliniombea kwa muda mrefu, na wawili kati yao walikuwa wanaangalia lori kwenye simu huku wamefumba jicho moja.

Nikamalizia kituoni. Baba mdogo alikuwa pale na magunia yake, katikati ya wenzake wale wale, simu mkononi, akiwatangazia kwamba lori limetoka kituo cha kwanza na kwamba wasiwe na haraka, atawaambia. Alisema kwa sauti ya mwenye lori. Nikamkabidhi pesa yake mbele yao. Akaitia mfukoni bila kuitazama.

"Sikuwa na haraka nayo," akasema, akihakikisha wanasikia. Kisha akanitazama kwa upande. "Na hii, ni ya tovuti ama ni ya apu?"

"Ni ya kutengeneza redio, baba mdogo," nikamwambia.

Wakacheka, mara hii wakimtazama yeye. Akainamisha macho kwenye simu, akaibonyeza, akawaambia lori limetoka kituo cha pili, wasogeze magunia. Wakasogeza. Nikawaacha hapo nikateremka hadi shambani kwangu. Nepia ilikuwa imenifika kifuani, na hapakuwa na alama ya panga la mtu.